Kichwa cha Solo

Ijumaa ya tarehe tatu, mwezi wa saba, 1987, mbwa wangu Solo alimuuma naibu wa chifu kwenye shavu la mguu. Naanza hapo kwa sababu watu wa Migwani wameisimulia habari hii kwa njia nyingi, na katika njia zote mwenye makosa ni mimi.

Kwetu mtu akienda bomani kwa mwenzake anasimama penye lango la miiba, anaita, anangoja. Mbwa anabweka, mwenye boma anatoka, anamnyamazisha, ndipo unaingia. Mbwa wa Ukambani anakua akijua hivyo: anayeita ni mgeni, asiyeita ni mwizi. Hata mtoto wa miaka minne anajua. Lakini Kilonzo, naibu wa chifu, ambaye sisi tulimwita Asistanti, alikuwa ameacha kuita. Tangu avalishwe ile kofia aliingia maboma ya watu kama anayeingia choo chake. Siku hiyo alipitia nyuma, kwenye zizi la mbuzi, akitafuta wanaume wa kumchimbia mtaro mbele ya ofisi. Solo alikuwa amelala kwenye kivuli cha ghala. Hakubweka. Alifanya kazi yake mara moja, akarudi kulala.

Nilitoka nikamkuta Asistanti amesimama kwa mguu mmoja, suruali ya kaki imepasuka, soksi imelowa damu. Mimi na yeye ni rika moja. Tulitahiriwa mwaka mmoja. Nilimwambia angeita.

"Serikali haipigi hodi, Kiema," akasema.

"Basi mbwa naye hakujua ni serikali."

Hilo neno ndilo lililoniponza. Mguu ungepona naye angesahau, lakini Muthoki, mke wa marehemu ndugu yangu, alikuwa ng'ambo ya ua akianika mbaazi, na alicheka. Kufikia jioni soko zima lilikuwa likimwita Kilonzo mtu aliyeumwa na raia.

Kesho yake akaja bwana mifugo. Jina lake lilikuwa Shire, kijana mrefu mwembamba kutoka upande wa Garissa, ambaye serikali ilimtuma Migwani kuangalia ng'ombe na punda wetu. Yeye alisimama langoni akaita, ingawa si Mkamba. Alimwangalia Solo macho, akaangalia mate, akaangalia namna anavyokunywa maji. Solo akamlamba kidole. Alipomaliza alichota mchanga akasugua mikono, halafu akaomba maji, akanawa mara nyingi, akihesabu kwa midomo. Nilimuuliza kama ameona ugonjwa. Akasema hapana, ni dini yao tu, mbwa akimlamba mtu lazima anawe namna hiyo. Nilimpenda kwa sababu hakuficha.

Alinieleza polepole, kama mtu aliyejua kwamba niliishia darasa la tatu. Mbwa mwenye kichaa, akishamuuma mtu, hamalizi siku kumi akiwa hai. Kwa hivyo Solo afungwe kwa kamba siku kumi. Akifika Jumatatu ya tarehe kumi na tatu anakula na kunywa, basi Asistanti ni mzima na mbwa ni wangu. Akifa kabla ya hapo, kwa njia yoyote ile, kichwa chake lazima kikatwe kipelekwe Nairobi wakapime ubongo. Naye Asistanti ataanza sindano za tumboni, kumi na nne, moja kila siku, mpaka majibu yarudi.

"Kwa hivyo, mzee, anayetakiwa kumwombea huyu mbwa si wewe," Shire akasema. "Ni yeye."

Niliona hayo ni maneno ya akili. Lakini akili ya bwana mifugo ikifika ofisini kwa Kilonzo inageuka kitu kingine. Jumapili, baada ya kanisa, askari aliniletea barua yenye mhuri: Kiema Mbuvi asitoke bomani kwake kwa siku hizo kumi, amlinde mbwa yeye mwenyewe, na akipatikana nje, mbwa atahesabiwa hana mwenyewe na atapigwa risasi. Shire hakuwa amesema hivyo. Hiyo ilikuwa adhabu ya kile kicheko cha Muthoki.

Basi nikafungwa. Solo alikuwa na kamba ya katani yenye hatua nne kutoka kwenye nguzo ya ghala. Mimi nilikuwa na ua wa miiba, hatua sitini kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Nilizipima. Asubuhi tulikaa mimi na yeye upande wa jua, kwa sababu mwezi wa saba kwetu ni baridi na mawingu, na mchana tukahamia kivulini. Nilimlisha kwa mkono. Kila alipochelewa kunywa maji nilimsogezea bakuli mdomoni.

Solo hakuwa mbwa wa kuokota. Mke wangu Syokau alimleta kutoka kwao Tseikuru mwaka wa 1979, ndani ya kiondo, juu ya mawele, akiwa mdogo kama panya wa shamba. Njia yote alilia kwa sauti nyembamba ya juu, kama gitaa la solo, na Syokau ndiye akampa hilo jina. Sisi tulikuwa watu wa gitaa. Mpiga gitaa wetu alikuwa Ndeti wa Mbumbuni.

Kama hukuishi Ukambani miaka hiyo hutamjua Ndeti. Hakuwa na gari, hakuwa na suti. Alitengeneza baiskeli za watu Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi akapiga. Migwani alikuja mara moja tu, 1969, mchana, kwenye baa ya sokoni. Syokau alikuwa na miaka kumi na tisa, amevaa viatu vya kuazima vilivyombana. Alivivua akacheza miguu mitupu. Ndeti akanyamazisha gitaa katikati ya wimbo, akainamia kipaza sauti, akasema, "Huyo dada ndiye amenielewa. Wengine mnacheza viatu." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya Syokau, nimemshikia hivyo viatu. Mwaka uliofuata nikamwoa.

Kulikuwa na wimbo wake mmoja wa mwanamke anayechimba kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka. Anachimba, maji yanatokea kidogo, anayangoja yatulie, anachota kwa kibuyu. Maneno ni machache, gitaa ndilo linalochota. Mahali fulani linanyamaza kabisa, unadhani sahani ya santuri imeharibika, halafu linarudi kutoka chini, polepole, kama maji yenyewe. Wimbo ukifika hapo Syokau aliacha kila kitu, hata ugali ukiungua.

Syokau alikufa mwezi wa tano 1985. Tumbo lilimuuma siku tatu. Hospitalini wakasema anataka upasuaji na lazima apelekwe Kitui mjini, lakini gari la wagonjwa halina petroli. Siku hiyo hiyo nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hospitali niliona magari manne ya wakubwa yakipita kwenda harambee. Yote yalikuwa na petroli. Wakati huo sikusema kitu. Nasema sasa.

Kabla hajafa aliniomba jambo moja. Alisema nyimbo za kanisa ziko sawa, waimbe, lakini na mimi nimpigie ile ya kisima kaburini. Niliazima gramafoni ya betri, nikaiweka juu ya stuli kando ya shimo. Mchungaji akaniuliza ni ya nini. Nilipomweleza, akasema wimbo wa baa hauwezi kupigwa juu ya Mkristo, na kama nimeng'ang'ania basi kanisa litaondoka na watu wake, nizike mwenyewe. Kilonzo, ambaye ni mzee wa kanisa, ndiye aliyeifunga gramafoni ndani ya sanduku lake. Watu mia mbili walikuwa wakiniangalia. Nikanyamaza. Syokau akateremshwa bila kusikia, na tangu siku hiyo sikuipiga tena ile sahani, kwa sababu kuisikiliza peke yangu kungekuwa kama kula chakula nilichomnyima.

Sasa utaelewa Jumanne ya tarehe saba ilikuwa nini kwangu. Saa saba mchana, idhaa ya Kikamba ilisoma matangazo ya vifo. Nilikuwa nikimenya muhogo. Wakasema Ndeti, mpiga gitaa, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, atazikwa Jumamosi saa sita mchana nyumbani kwake Mbumbuni, na wenzake wa bendi watampigia nyimbo zake kaburini.

Kisu kilinianguka. Nilikaa chini karibu na Solo, nikalia. Nilimlilia mtu ambaye hakuwahi kunijua jina. Lakini ndani ya kilio kulikuwa na jambo jingine. Huko Mbumbuni hakuna mchungaji angewazuia, marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa baa. Lazima wangeipiga ile ya kisima. Nami ningesimama pale nikaisikia ikipigwa juu ya kaburi, mchana, watu wakiwa wamevua kofia, kama Syokau alivyotaka. Kaburi si lake, lakini wimbo ni wake. Nilitaka hilo peke yake. Tangu afe sikuwa nimetaka kitu kingine.

Mbumbuni, siku hizo, ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos. Kufika Jumamosi saa sita ilibidi nipande basi la Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, mpaka Kitui, kisha Machakos, nilale huko, alfajiri nitafute gari la barabara ya vumbi. Na kamba ya Solo ilikuwa inaisha Jumatatu.

Muthoki alinikuta bado nimekaa chini.

"Shemeji, kwa mke wako hukulia hivi," akasema.

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na watu mia mbili."

Muthoki ana mdomo, lakini si mbaya. Akasema niende, yeye atavaa koti langu na kofia yangu akae hapo kwenye nguzo na mbwa, na Asistanti akipita barabarani hataona tofauti, kwa sababu tangu nifiwe nimekuwa kama gunia lililoegemezwa ukutani. Hata mimi nilicheka. Nikasema kwanza nitaomba kwa njia ya haki.

Jumatano Shire alipokuja kumwangalia Solo nilimwomba. Alisema kwa upande wake hakuna shida, mbwa ni mzima kabisa, na huyu mama anaweza kumlisha, lakini barua ni ya Kilonzo, lazima amuulize Kilonzo. Akaenda. Alirudi saa kumi, akasimama langoni bila kuingia, nikajua.

Kilonzo alikuwa amesema mzee wa kanisa hawezi kumpa mtu ruhusa ya kwenda matanga ya walevi. Halafu kulikuwa na habari nyingine iliyomsumbua Shire zaidi. Asistanti alikuwa ameanza kuumwa na kichwa, na mama yake mzee alikuwa amemwambia dawa ya kuumwa na mbwa ni kumuua huyo mbwa haraka, ile sumu ife pamoja naye.

"Nimemwambia ni kinyume," Shire akasema. "Nimemwambia mara tatu, mbwa akiwa hai ndiye daktari wako. Anaitikia tu, hasikii. Nimemwambia basi, kama ni lazima, kichwa kisiguswe."

Jioni hiyo niliamua. Ijumaa ningeondoka, Muthoki avae koti. Nilitoa viatu vyangu vya kuzikia nikavipaka rangi, nikavianika kwenye paa.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, askari alifika langoni akaita. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliita vizuri, kama mtu aliyelelewa. Solo akabweka mara moja, akaniangalia. Nikatoka, nikamwambia anyamaze, akanyamaza. Akatikisa mkia. Kwake huyo alikuwa mgeni.

Askari alisema ametumwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa hata haniangalii usoni. Aliniomba nishike kamba mbwa asimame vizuri, kwa sababu amepewa risasi moja na ameambiwa asipige kichwa. Nilimwambia aliyeamuru risasi ni Kilonzo, aje aishike kamba yeye. Nikasimama mbele ya Solo. Askari akanisukuma kwa kitako cha bunduki nikaanguka kwenye miiba ya ua, na kabla sijainuka alikuwa amemaliza. Solo hakulia ile sauti yake. Alikohoa tu, kama mtu.

Zilikuwa zimebaki siku nne.

Nilimfunga kwa leso ya Syokau. Ghala langu lilikuwa tupu mwaka huo, mvua haikuwa imenyesha vya kutosha, na chini yake, kati ya nguzo, kuna nafasi ya mtu kuingia kwa tumbo. Niliingia na jembe nililokata mpini, nikachimba nimelala ubavu, nikamzika hapo, nikafagia juu kwa tawi. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka awe mahali wasipoweza kumfikia.

Kama saa sita Shire alikuja akikimbia, ndoo mkononi, ndani kuna barafu alizoomba kwenye friji ya mafuta ya taa ya pale baa. Hakuna aliyemwambia, alisikia mlio akiwa mbali, kwenye ng'ombe wa watu. Alipoona kamba tupu alisema maneno mengi kwa lugha yake, halafu akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa.

"Mzee, nipe kichwa," akasema. "Nikikipata sasa, kesho kiko Nairobi. Na wewe asubuhi panda basi lako, nenda ukazike mtu wako. Mbwa hayuko, barua imekwisha. Hakuna wa kukuzuia."

Ilikuwa kweli. Mlango ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Viatu vyangu vilikuwa pale juu ya paa, vimekauka. Nilichotakiwa kufanya ni kuingia chini ya ghala na kisu.

Nikasema sijui mbwa aliko.

Shire aliniangalia. Akauliza tena, kwa upole. Nikasema hivyo hivyo. Nilikuwa nikimwona Kilonzo amelala kwenye meza ya zahanati, shati limepandishwa, sindano inaingia kando ya kitovu. Nilizitaka zote kumi na nne. Nilitaka ahesabu kila moja kama mimi nilivyohesabu siku.

Mchana huo walikuja askari watatu wakachoma ardhi kwa vyuma, zizini, shambani, hata karibu na kaburi la Syokau. Chini ya ghala hawakuingia, walikuwa wamevaa nguo safi. Wakanichukua mpaka kambini kwa Asistanti, wakanifungia kwenye stoo ya mahindi ya msaada. Mahindi yenyewe hayakuwepo, yalikuwa yamekwisha bila sisi kuyaona. Kulikuwa na magunia, panya, na dirisha dogo lenye waya.

Ijumaa saa kumi na mbili nilisikia basi likipiga honi stendi. Lilipiga mara mbili, kama kawaida yake, ili wanaochelewa wakimbie. Halafu nikalisikia likibadilisha gia kwenye mlima, likaenda.

Saa nne Kilonzo alikuja dirishani, peke yake, bila kofia. Alikuwa ameshika tumbo kwa mkono wa kushoto. Walikuwa wamemdunga ya kwanza.

"Kiema, hata mimi nilitaka kwenda Mbumbuni," akasema.

Nikamwambia aache uongo.

"Uongo gani? Sitini na tisa nilikuwa pale. Viatu alivyovaa Syokau vilikuwa vya dada yangu Ndila. Wewe ulivishika, lakini aliyevirudisha nyumbani ni mimi."

Hilo sikuwa nalijua. Miaka kumi na minane sikuwa nalijua.

"Na gramafoni ulifunga wewe," nikasema.

"Nilifunga. Ningefanya nini? Mchungaji alikuwa ananiangalia mimi."

Akasema usiku halali, akiona maji kwenye karai anajiuliza kama anayaogopa, na mama yake sasa hamkaribii. Akaniomba kichwa. Aliniomba kama mtu anayeomba chumvi, bila mhuri, bila askari. Sikumhurumia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu husema Kiema alilegea alipoona Asistanti analia. Kwanza hakulia. Na mimi nilimwambia arudi kwa meza yake wakamdunge ya pili.

Aliyenishinda ni Shire. Alikuja baada ya Kilonzo, akiwa na karatasi. Alisema lazima aijaze leo. Nikamwambia anisomee, mimi maandishi ya serikali hunishinda. Akasoma: mbwa dume, rangi ya kahawia, wa Kiema Mbuvi wa Migwani, amemuuma mtu, hakupimwa, anahesabiwa alikuwa na kichaa. Akaeleza kwamba karatasi ikienda hivyo, wiki ijayo watakuja kupiga kila mbwa kutoka hapa mpaka mtoni.

"Hapo pa kichaa," nikasema, "panaweza kufutwa baadaye?"

"Ya serikali haifutwi, mzee. Labda iwekwe nyingine juu yake."

Nilikaa juu ya magunia nikafikiria. Mbwa aliyeletwa na Syokau ndani ya kiondo, aliyemsubiri njiani kila siku akitoka kuchota maji, aliyekaa mlangoni siku nne bila kula alipokufa, aandikwe kichaa kwenye faili, na faili ikae kwenye kabati ya Kilonzo milele. Mke wangu nilimwacha akazikwa kwa maneno yao. Huyu naye nimwache?

"Yuko chini ya ghala," nikasema. "Lakini nitakata mwenyewe."

Wakanifungulia stoo, tukaenda. Sitaeleza sana. Nilimtoa nikiwa nimelala kwa tumbo, nikafungua leso, nikatumia kisu kidogo cha kuchinjia mbuzi kwa sababu panga ni la kukata kuni. Baridi ilikuwa imesaidia, Shire alisema pengine ubongo bado unafaa. Alishika ndoo mwenyewe, ingawa dini yake haipendi, na akageuza uso lakini hakusogea. Mwili niliufunga tena nikaurudisha. Tulinawa kwa mchanga, yeye mara zake, na mimi nikamfuata.

Ilikuwa saa nane, Ijumaa. Hakuna gari lingenifikisha. Ningekitoa kile kichwa Alhamisi, ningekuwa sasa nakaribia Machakos. Wenye nyadhifa nawalaumu kwa mengi, na nitaendelea, lakini hiyo siku moja ni yangu mwenyewe, hakuna wa kumpa.

Jumamosi saa sita nilikuwa nimekaa chini ya ile nguzo na viatu vyangu vya kuzikia miguuni. Muthoki alikuja akakaa karibu. Aliuliza watamzika saa ngapi, nikamwambia sasa. Hakufanya mzaha. Tukakaa mpaka kivuli cha ghala kikatufikia. Miezi mingi baadaye, kwenye mnada wa ng'ombe, nilikutana na mtu aliyekwenda Mbumbuni siku hiyo. Nilimuuliza kama walipiga ile ya kisima. Akasema walipiga nyingi, hakumbuki.

Majibu ya Nairobi sikuletewa. Shire alikuwa amehamishwa Mwingi juma hilo hilo, na mimi sikuwa mtu wa kuandikiwa. Lakini barabara ya kwenda zahanati inapita chini ya boma langu, na kila asubuhi Kilonzo aliipita kwa baiskeli, akiendesha kwa mkono mmoja, wa pili tumboni. Jumamosi alipita. Jumapili alipita kabla ya kanisa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Niliacha kazi za shamba zingoje, nikasimama uani kila siku mpaka nimwone. Hakuinua macho.

Alhamisi hakupita. Nilisimama mpaka jua likawa utosini. Ijumaa nikasimama tena. Walipita watoto wa shule, akapita mwanamke na punda wa maji, akapita mchungaji. Kilonzo hakupita. Alikuwa amedungwa sita. Nane zilizobaki hakuzihitaji.

Muthoki aliniuliza ng'ambo ya ua ni nani ninayemngoja siku zote hizo.

"Solo alikuwa mzima," nikamwambia.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna."